Maharage Matano ya Siku ya Haluli

Jumapili iliyopita nilikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wangu Idi, kule Kisugu, na kabla sijaketi nikanusa sanamaki. Mezani, kando ya sahani ya matunda, kulikuwa na vikopo sita vimepangwa kwa urefu wao: unga wa nyuzinyuzi wa kukoroga kwenye maji, vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo, tangawizi iliyosagwa na kutiwa ndani ya vidonge, na sijui nini tena. Harufu ilitoka kwenye kile cha mwisho, chai ya kusafisha utumbo. Nilifungua kifuniko, nikajikuta nimerudi uani kwetu Old Kampala, miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, mtoto wa miaka kumi mwenye kikombe cha bati mkononi.

"Dada, hizi ni za kisasa, zimepimwa," Idi aliniambia. "Si kama za yule bibi yako aliyetaka kuniua."

Watoto wake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Hayo ninayotaka kuwaeleza sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Bibi alikuwa mama yake mama. Wazee wake walifika Kampala na biashara kutoka pwani, wakaoa, wakazika, wakabaki, na yeye alibaki na Kiswahili chao, kanga zao, na sanduku la dawa ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Imani yake ilikuwa moja: tumbo ndiyo nyumba ya maradhi. Kila asubuhi tulilambishwa kijiko cha asali yenye habasoda. Baada ya wali tulitafuna tangawizi mbichi mpaka machozi yatutoke. Aliyefunga choo alipewa maji ya ukwaju, mwenye minyoo akapewa mbegu za papai zilizokaushwa juani, na mwenye kulalamika akapewa vyote viwili. Msimcheke sana. Wakati wa vita, hospitali zilipokuwa hazina hata kidonge cha maumivu, mwanamke yule alitutoa sote katika kuharisha na homa, Baba akiwa mmoja wetu.

Lakini kilele cha utawala wake kilikuwa Siku ya Haluli, siku ya dawa ya kuendesha tumbo. Kila Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, sisi watoto wanne wa nyumba ile, yaani mimi, Idi na binamu zetu wawili, tulipangwa uani alfajiri, matumbo matupu. Bibi alikuwa amechemsha sanamaki na tangawizi na ukwaju, akatia mafuta ya mbarika juu yake, na mafuta yale yalielea kikombeni yakikutazama. Kila mmoja kikombe kimoja, na zawadi yake tende moja. Kisha kila mtu alikabidhiwa kopo tupu la maziwa ya unga. Ukienda chooni na kurudi, unatia haragwe moja. Magharibi Bibi alihesabu, na mwenye chini ya manne alirudia dawa kesho yake.

Choo chenyewe kilikuwa mwisho wa ua. Mlango wake Baba aliununua kwa mafundi wa Katwe, bati la pipa lililonyooshwa kwa nyundo, na bawaba zake zililia kwa sauti ya kuaibisha. Ukiingia, majirani wote wanajua. Binamu yangu mkubwa alijaribu kuzitia mafuta ya kupikia, Bibi akamwambia aziache, kwani mlango ule ni shahidi wake.

Mwaka ule ninaousema, niliapa kwamba sitakunywa. Nilikuwa nimeanza kujiona msichana mkubwa, na kukimbia kule mwisho wa ua huku binamu wakihesabu kwa sauti kulinitia haya. Idi alikuwa na miaka sita. Tangu usiku alikuwa akisema tumbo linamuuma hapa karibu na kitovu, na Bibi akamjibu kwamba ni bahati, basi, kesho ndiyo siku yake. Alfajiri akanywa chake cha kwanza, macho amefumba, bila ubishi. Zamu yangu ilipofika, jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha, aligonga lango akiomba kaa la moto, Bibi akageuka kumhudumia.

"Idi," nikamnong'oneza, "unataka tende yangu?"

"Tumbo linauma, dada."

"Basi ukinywa viwili litapona mara mbili."

Aliniamini. Alikuwa akiniamini kwa kila kitu. Alikimaliza kikombe changu kwa mikupuo mitatu, akafuta mdomo kwa mkono wa shati, akanyoosha kiganja kupokea tende.

Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Kampala. Kila binamu alipotoka chooni, nilijifanya nami ninatoka upande ule, nikatia haragwe langu. Nilitia matano: manne ya lazima na moja la kujihami. Bibi alikuwa amekaa kwenye jamvi, amefumba macho, tasbihi ikipita vidoleni, nami nikadhani amelala. Alipohesabu alinitazama usoni, akacheka kidogo.

"Mke mwenzangu leo umefanya kazi," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Kopo la Idi lilikuwa na tisa, kisha hakuweza tena kwenda. Alijikunja jamvini, magoti kifuani, na maumivu yalikuwa yamehama kutoka kitovuni yakashuka upande wa kulia. Bibi akamkanda kwa mafuta ya uvuguvugu. Nalongo, alipokuja kurudisha kibia alichochukulia lile kaa la moto, alimwona akasimama.

"Eh, mama mukubwa, hii tumbo si ya dawa ya kunywa. Mutoto iko mbaya. Peleka yeye hospitari sasa hivi."

"Uchafu unatoka, Nalongo," Bibi akajibu. "Uchafu ukitoka lazima uume."

Mama alirudi kutoka kwenye cherehani yake usiku, akamwamini mama yake kama alivyomwamini maisha yake yote. Baba alikuwa safarini Masaka. Alipoingia asubuhi ya pili, Idi alikuwa anawaka moto na tumbo limekuwa gumu. Baba hakuvua hata viatu. Alimbeba mwanawe mabegani akashuka naye kilima kwa miguu, mpaka alipopata gari.

Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua siku hiyo hiyo, na kwa siku nyingi hakuna aliyetuambia kama atapona. Katika siku hizo nilikula haragwe bichi moja kila asubuhi, nikidhani Mungu ataona kwamba najiadhibu. Kumwambia mtu mzima ukweli hakukunijia kabisa kama jambo linalowezekana.

Siku ya nne Baba alirudi nyumbani kubadilisha nguo, akaketi mbele ya Bibi. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba.

"Mama, daktari anauliza mtoto alikunywa kiasi gani."

"Kikombe kimoja, baba, kama wenzake."

"Mwenyewe, katika homa, anasema viwili. Anarudia tu, viwili, viwili."

 Macho ya Bibi yakaja moja kwa moja kwenye pazia, yakakaa hapo. Miguu yangu ilionekana kwa chini, sasa najua.

"Basi labda nilimzidishia," akasema. "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Bibi yule alikuwa akitunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Baba hakupaza sauti. Mkwe hapigiwi kelele. Alisema tu kwamba hewa ya Mbale ingemfaa zaidi, nyumbani kwa mdogo wake Bibi, na kwamba gari lingepatikana Alhamisi. Mama alilia jikoni akikuna nazi. Bibi aliomba kitu kimoja, apite hospitali amwone Idi. Baba akajibu kwa adabu zote kwamba daktari hataki wageni wengi.

Alhamisi, Baba akiwa nje anafunga mizigo kwa kamba juu ya gari, Bibi alinishika mkono ukumbini. Kiganja chake kilinuka tangawizi. Hakuniita mke mwenzangu.

"Zuhura," akasema polepole, "kopo lako lilijaa, lakini mlango haukulia."

Kisha akangoja. Nilisikia Baba akiivuta kamba, akiikaza, akiivuta tena. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilidhani ananikaripia na kwamba ndiyo adhabu yenyewe, na nikashukuru moyoni kwamba imekuwa ndogo. Alingoja mpaka Baba alipoita, ndipo akauachia mkono wangu, akajitanda kanga yake, akatoka. Alifariki Mbale mwaka wa pili wake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi ndiye niliyekuwa mjukuu.

Miaka mingi baadaye rafiki yangu nesi alinieleza kwamba mwenye kidole tumbo kilichovimba hapewi haluli hata kijiko, kwamba kikombe cha kwanza peke yake kingeweza kuleta balaa lile. Nilifurahi mchana mzima. Nilijiambia, basi sikuwa mimi. Jioni nikakumbuka kwamba kikombe kimoja kila mtu nyumbani alikijua na kukikubali, Baba pia. Bibi alifukuzwa kwa sababu ya kile cha pili, na cha pili kilikuwa changu. Alijua tangu magharibi ile ya kuhesabu maharage. Kule ukumbini hakuwa ananikaripia. Alikuwa ananipa nafasi ya kwenda nje, hatua kumi tu, nikamwambie baba yangu. Angeweza kwenda mwenyewe. Aliona heri aondoke kuliko kumshtaki mtoto.

Idi hakumbuki kitu. Homa ilimfutia siku zote zile, na hadithi anayoijua ni ile aliyopewa na Baba. Jumapili ile alikoroga unga wake kwenye glasi, akaunywa, kisha akainua shati kuwaonyesha watoto kovu. Binti yake mdogo, mwenye miaka sita, alilitazama kwa makini, akanigeukia.

"Shangazi, ni kweli bibi yenu alikuwa mtu mbaya?"

Meza yote ilinitazama. Idi mwenyewe alikuwa anatabasamu, kijiko mkononi, anangoja.

"Kula, mwanangu," nikamwambia. "Chakula kinapoa."