Mistari Myekundu Kwenye Ukurasa wa Mjane

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa pale stendi ya Kawangware 56, Nairobi, katikati ya saluni na duka la misumari. Kazi iliyonilisha ilikuwa vitabu vya mazishi: picha ya marehemu mbele, wasifu katikati, nyimbo nyuma. Mimi si mtu wa subira, na wafiwa huja na haraka zao, kwa hiyo tuligombana mara nyingi.

Asubuhi moja waliingia wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamume wa mtaa wa Ayany aliyevaa suti, kaka mkubwa wa marehemu. Nyuma yake alikuwa mjane, mpangaji wa ploti jirani. Mwili ulikuwa uondoke saa nane mchana kwenda kwao Magharibi mwa Kenya, na vitabu viende nao.

Kaka alinitumia kila kitu kwenye faili moja. Kurasa tatu aliandika yeye, kwa Kiingereza cha kuvaa tai. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mjane, kwa Kiswahili, kuhusu mume aliyemchotea maji kila Jumapili huku majirani wakimcheka.

Nilipoingiza faili kwenye programu ya kupanga kurasa, kurasa za kaka zilitokea safi. Wa mjane ulijaa mistari myekundu, karibu kila neno limepigiwa chini.

"Madam, unaona?" kaka akasema, akigusa skrini. "Hata kompyuta imekataa. Hiyo page ya shemeji toa, tusiaibike huko nyumbani."

"Haijakataa. Inadhani ni Kiingereza."

"Zii, hapana. Mimi nimeandika page tatu, umeona red hata moja?"

Mjane akatazama sakafu. "Kama ni makosa, toa tu. Mimi shule niliachia class six."

Damu ilinichemka. Kosa lilikuwa langu: sikuwa nimebadilisha lugha ambayo programu huanza nayo, na chochote nilichoingiza ilikisoma kama barua ya Mwingereza. Tena mistari ile haichapwi kwenye karatasi, jambo ambalo ningeweza kulisema mara moja tukamaliza. Sikulisema. Nilichagua maandishi yote, toka jina la marehemu hadi amina, nikaenda kwenye orodha ya lugha, nikabonyeza Kiswahili.

Ukurasa wa mjane ukatakata. Kurasa tatu za kaka zikatokwa na wekundu kama mtoto mwenye surua.

Kaka alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Umeharibu!"

"Mimi? Si ni kompyuta imekataa? Nitoe hizo tatu?"

Nakiri nilifurahi kuliko inavyofaa mbele ya wafiwa. Nilimwacha atoke jasho kidogo, kisha nikazirudisha kurasa zake kwenye Kiingereza na kuuacha wa mjane kwenye Kiswahili. Hakukubaki mstari hata mmoja.

Mjane alisogea, akaweka kidole chini ya jina lake, pale wekundu ulipokuwa.

"Kwa hivyo si mimi nilikosea."

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Aliusoma ukurasa wake upya, midomo ikicheza. Kisha akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Basi ongeza line moja," akasema. "Andika alikuwa ananipikia chapati. Huko kwao hawajui."

Kaka alifungua mdomo, akautazama mkono wangu juu ya kipanya, akafunga mdomo.