Posa Iliyopigwa Msumari

Mama alirudi kutoka semina ya akina mama mjini Embu akiwa na neno moja mdomoni: Kiafrika. Alikuwa amekaa huko siku tatu tu, lakini neno hilo lilimwingia kama malaria. Alisimama mlangoni mwa sebule yetu pale Gachoka, mkoba bado uko begani, akazungusha macho, akasema, "Hii nyumba haina Afrika hata kidogo."

Baba alitazama dirishani, ambako Afrika yote ilikuwa imejaa vumbi na mbuzi, akalifunga dirisha. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na alishajifunza kwamba Mama akisema neno moja kwa sauti ya chini, afadhali usubiri la pili.

La pili lilikuwa "toa." Tulitoa vitambaa vyeupe vya kufuma vilivyofunika makochi. Tulitoa maua ya plastiki niliyokuwa nikiyaosha kwa sabuni kila Jumamosi. Tulitoa kalenda za miaka sita, na ile picha ya farasi weupe wakikimbia kwenye theluji, ambayo mimi niliipenda sana kwa sababu kwetu hata umande ulikuwa habari ya kusimuliana. Niliilia ile picha. Mama akaniambia nionyeshe farasi mmoja aliyewahi kuzaliwa huku kwetu Mbeere, nami sikuweza.

Mahali pa hivyo vyote vikaja vyombo vya nyanya, mama yake Baba, aliyeishi hatua thelathini kutoka mlangoni kwetu. Vilikuja kibuyu chake cha uji, ungo wake, kigoda chake na mzinga wa nyuki wa marehemu babu. Kazi yangu ilikuwa kuvipaka vanishi mara tatu mpaka ving'ae. Mama alivipigilia misumari ukutani, kigoda tu akakiweka sakafuni, akarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, akitabasamu peke yake.

Kesho yake asubuhi nyanya alikuja.

"Kibuyu changu kiko wapi?"

"Kiko ukutani, mama," Mama akajibu kwa heshima zote. "Kinapendeza, si kinapendeza?"

Nyanya alikiangalia. "Ukuta unakunywa uji?"

Akakitungua, akaenda zake. Jioni Mama alinituma nikakirudishe. Hivyo ndivyo tulivyoishi mwaka ule: nyanya akitungua asubuhi, Mama akitundika jioni, na mimi katikati na mkebe wa vanishi. Uji wa nyanya ulianza kunuka rangi, lakini aliunywa kwa ukaidi.

Mambo hayakuishia ukutani. Mama alisuka kikapu cha kufunika taa ya umeme, akakining'iniza darini katikati ya sebule. Umeme wenyewe ulikuwa bado haujafika Gachoka, lakini alisema ukija utatukuta tayari. Kisha alinunua jora zima la kitenge, rangi ya machungwa na kahawia, lenye michoro ya duara kama macho ya bundi. Akashona mapazia. Akashona mito ya makochi. Kitambaa kikabaki, akatushonea na sisi. Tukikaa sebuleni ilikuwa taabu kujua mtu anaishia wapi na kochi linaanzia wapi. Siku moja mwinjilisti aliingia kutoka juani, macho yakiwa bado na giza, akamwekea Baba mwavuli na Biblia mapajani akidhani ni mto.

Shati la Baba lilikuwa refu, lenye nakshi shingoni na bila mfuko hata mmoja. Mtu aliyezoea koti na kalamu tatu kifuani alijiona yuko uchi. Kwa hiyo alivumbua ujanja wake: koti alilificha ofisini shuleni. Alitoka nyumbani akiwa Mwafrika, akifika shuleni anakuwa mwalimu mkuu, na saa kumi jioni anakuwa Mwafrika tena. Mimi nilijua kwa sababu nilisoma hapo. Nilinyamaza, naye aliacha kuniuliza habari za hesabu.

Muziki nao ulibadilika. Kaseti za dada yangu mkubwa za muziki wa kudansi zilifungiwa kabatini, ikaja kaseti moja ya ngoma tupu, hakuna anayeimba hata neno. Siku ya kwanza Mama alipoipiga, jirani alifika mbio na mbwa wake wawili akiuliza kama nyani wameingia mtamani.

Dada huyo ndiye aliyekuwa nafuu yangu, lakini hakuwepo. Alikuwa akifundisha chekechea kule mji wa Maua, Umeruni, na huko alikuwa amempata mtu wake, mwalimu wa hesabu mwenye mapengo mawili na kicheko kirefu. Alikuja naye mara moja tu kumwonyesha, na usiku ule tulipolala aliniambia gizani, "Nisipoolewa na huyu, siolewi." Hakuwa anatania. Dada yangu alikuwa mtu wa kutania kila kitu, kwa hiyo nilijua. Nilimpenda kuliko mtu yeyote, na vilevile nilikitaka kitanda chake, ambacho kilikuwa na godoro nene. Moyo wa mtoto una nafasi ya yote mawili.

Basi siku moja ya Alhamisi, nikiwa nyumbani na matubwitubwi, shavu la kushoto limevimba kama nimeficha kiazi, walibisha wazee wawili. Walikuwa wametoka Maua alfajiri ndani ya pikapu ya miraa, vile vijiti vya kutafuna, iliyokuwa ikikimbiza mizigo Nairobi. Waliteremshwa Embu, wakamalizia safari kwa njia nyingine, lakini mikono yao ilikuwa bado imekunjwa kama wameshika chuma. Mmoja alikuwa mrefu na kofia yake ilikuwa imepotea njiani. Mwingine, mfupi, ndiye aliyekuwa msemaji.

Sisi tuliongea Kimbeere, wao Kimeru cha Igembe, tukakutana njiani kwa Kiswahili.

"Sisi tumetoka kwa ule kijana," msemaji akasema. "Tumekuja kusalimia tu. Na hii, mama, tumeletea mzee."

Akatoa kifurushi kirefu, kimefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba zilizosokotwa kwa ufundi, fundo baada ya fundo. Kilikuwa kizuri, lazima niseme. Macho ya Mama yalilowa.

"Nani aliwaambia napenda vitu vya Kiafrika?" akauliza.

Wazee wakatazama ukuta, mzinga, ungo. Wakatazama kikapu cha umeme. Kisha msemaji akatazama shavu langu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia mwenzake kwa Kimeru neno nililolielewa: kwamba hata mtoto wa nyumba hii anatafuna. Alidhani nimefunga miraa shavuni! Nilitaka kumsahihisha lakini mdomo haukufunguka.

"Tutarudi Jumamosi ya wiki mbili kuja," akasema. "Kuskia neno."

Ningependa kusema tulishuku. Hatukushuku. Kwetu sisi posa ni mbuzi, tena mbuzi anayejitangaza mwenyewe kwa kelele. Miraa tuliyoijua ni muguka, majani yanayouzwa ndani ya karatasi ya plastiki na kutafunwa na wanaume wasio na shughuli kando ya maduka. Kifurushi kilichovikwa majani kama mtoto wa kubatizwa hatukuwahi kukiona. Mama alikishika kwa mikono miwili, akachagua mahali pa heshima kuliko pote, juu ya redio, akapiga msumari wa inchi nne.

"Majani yatanyauka," akaniambia. "Paka vanishi. Hiki paka mara nne."

Nilipaka mara nne. Baba alipofika jioni alionyeshwa zawadi ya wakwe watarajiwa, akasema ni watu wastaarabu.

Jumamosi ilipofika, Mama aliwasha redio, ngoma zikaanza, na sisi tukajipanga makochini na kupotea kwenye mito. Walikuja saba: wazee wawili, shangazi watatu wa kijana, kijana mwenyewe na dada yangu. Dada aliingia wa kwanza, anacheka, mikono imefunguliwa ya kukumbatia. Akaona ukuta. Mikono ikapanda kichwani.

"Mama," akasema. "Hiyo mumetundika ni mimi."

Mama hakuelewa. Hakuna aliyeelewa, mpaka msemaji alipoingia, akasimama, akatazama juu ya redio. Mtu akazima ngoma. Msemaji akaketi pole pole.

"Mwalimu," akamwambia Baba. "Ile kitu si urembo. Ni sisi tunaomba msichana. Mkifungua na kutafuna, mumekubali. Mkiturudishia, mumekataa. Kukubali mimi naijua, kukataa naijua. Nimeposea vijana wengi, mpaka nimezeeka. Lakini kupigwa msumari," akanyoosha kidole, "hii sijui ni jibu gani."

"Na inang'aa," yule mrefu akaongeza kwa huzuni.

"Kwani hamkupata barua yangu?" dada akalia. "Niliandika kila kitu! Niliandika Baba aifungue miraa siku hiyo hiyo!"

Baba alipeleka mkono kifuani, mahali pa mfuko. Shati halikuwa na mfuko. Niliuona uso wake ukibadilika rangi, maana barua ilikuwa imefika shuleni, akaiweka kwenye koti aje aisome na Mama, na koti lilikuwa halirudi nyumbani tena. Akageuka akaniangalia mimi, mshirika wake wa siri. Nikaangalia dari.

Wageni walitoka nje kushauriana kando ya tangi la maji. Tuliwaona dirishani. Shangazi mmoja alikuwa akitikisa kichwa, na mwingine alikuwa ameshakamata mkoba wake. Dada yangu aliketi kwenye kigoda cha nyanya, akalia kimya, machozi yakimdondokea kwenye gauni la kitenge kile kile alilotumiwa na Mama. Kijana wake alisimama nyuma yake bila kumgusa, mapengo yamefichwa. Nilitamani nirudishe muda nyuma, nimwage ule mkebe chooni. Kitanda sikukitaka tena. Mama alikuwa amesimama na nyundo mkononi, sijui aliitoa wapi, akisema, "Nilikiweka mahali pazuri kuliko pote. Mimi nilikiweka mahali pazuri."

Hapo ndipo nyanya alipofika, kachelewa siku hiyo, kufuata kibuyu chake kama kawaida. Alikuta watu wanalia ndani na watu wamenuna nje. Akauliza, akaelezwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanivuta mkono hadi kwenye tangi, kwa sababu Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu.

"Waambie hivi," akasema, nami nikatafsiri. "Nyanya anasema huyu mke wa mwanawe ana ugonjwa. Kitu asichokipenda anakitumia. Kitu anachokipenda anakipiga msumari. Anasema huyo mke angewakataa, ile miraa angewapa mbuzi. Anasema mkitaka ushahidi, mwaka mzima yeye anakunywa uji wenye vanishi."

Msemaji alinitazama, akamtazama nyanya. "Mwambie anywe maziwa," akasema, na mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni. Yule mrefu akapasuka kwa kicheko kwanza, kisha shangazi, yule wa mkoba akiwa wa mwisho.

"Lakini lazima ifunguliwe," msemaji akasema walipoingia. "Na itafunwe. Bila hiyo hakuna neno."

Kufunguliwa haikukubali. Vanishi yangu mara nne ilikuwa imefanya kazi yake. Kisu kiliteleza, mkasi ukakunjika. Baba akaenda kuleta panga, akaipasua posa ya binti yake kama kuni. Ndani, vijiti vilikuwa vyeusi na vikavu kama njiti za kiberiti.

Baba hakuwahi kutafuna kitu cha namna hiyo maishani. Mwezi uliopita tu alikuwa amehubiri juu ya muguka. Akachukua kijiti, akamtazama dada yangu, na bila kusema neno akakitia mdomoni. Tulisikia kikivunjika. Alitafuna macho yakimtoka, shingo yenye nakshi ikipanda na kushuka, akameza, akakohoa, akasema, "Tumekubali." Mama akachukua kingine upesi upesi na kutafuna akilia. Msemaji naye akachukua, akatema, akasema miaka yake yote hajawahi kula kitu kibaya hivyo, na kwamba ndoa hii itadumu kwa maana hakuna atakayekubali kurudia. Dada yangu alicheka huku kamasi zinamtoka.

Aliondoka miezi mitatu baadaye. Siku ile alivaa gauni jeupe la kanisani, akapanda gari pamoja na shangazi za Maua wakiimba, na vumbi likafunika barabara. Niliingia chumbani kuchukua kitanda changu kipya. Juu ya godoro alikuwa ameacha gauni lake la kitenge, limekunjwa vizuri. Nililala juu ya lile godoro nene mchana kutwa, na halikunifaa chochote.

Jioni Mama alilichukua gauni lile, akalitundika juu ya redio, kwenye msumari wa inchi nne. Halikuonekana vizuri. Lilikuwa kitambaa kile kile cha pazia lililokuwa kando yake, na mgeni angeweza kukaa siku nzima asijue lipo.

Asubuhi nyanya akaja kama kawaida. Akatungua kibuyu chake, akatungua ungo, akaburuta kigoda. Alipofika kwenye redio alisimama. Akaligusa gauni pindoni, akalinyoosha mkunjo mmoja kwa kiganja.

"Hili liacheni," akasema, akaenda kupika uji.