Mkono Uliozoea Mwiko

Jumanne jioni nilishindwa kukamua kitambaa. Maji yalikuwa vuguvugu kwenye karai, mama ameketi ukingoni mwa kitanda akisubiri nimpanguse mgongo, nami nimesimama na kitambaa kinachochuruzika sakafuni. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikataa kujikunja. Fundo lake la chini lilikuwa limevimba, na ngozi iliyo kati yake na kidole cha shahada ilikuwa imechubuka hadi ikawa nyekundu.

Mama aliona. Tangu kiharusi kimshike hasemi sana, lakini hapitwi na kitu.

"Nani amekuumiza?"

"Kazi, mama."

Mimi ni polisi. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye dawati la ripoti, nikiandika kitabu cha matukio: saa, mahali, aliyeleta habari, kilichoibwa. Bunduki niliyoijua ni ile ndefu ya chuoni, ambayo bega hulipokea teke lake. Mama alipougua, mkubwa wangu alinihurumia akanipeleka kulinda mahakama. Huko tunatoka saa kumi na nusu. Kabla ya saa kumi na mbili nimeshafika nyumbani Buruburu, na jirani anayeshinda na mama anaweza kwenda kuwapikia watoto wake.

Kisha ikaja amri kwamba kila anayelinda mahakama lazima afaulu mtihani wa bastola. Risasi kumi na tano kwa muda uliopimwa, kumi na moja ziingie ndani ya duara. Atakayeanguka atarudishwa kwenye zamu za kawaida, na zamu za kawaida huweza kukupeleka hata kaunti ambayo basi hufika kesho yake. Mama hangeweza kwenda nami, wala hangeweza kubaki peke yake.

Jumanne hiyo nilipata saba. Tulioanguka tulipewa nafasi moja zaidi, Ijumaa.

Nilijua kilichotokea, kwa sababu nimezoea kupanga mambo kwa mfuatano. Risasi nne za kwanza ziliingia vizuri. Ya tano, bastola ilinipiga kwenye fundo la kidole gumba. Ya sita ikapiga palepale. Kuanzia ya nane, jicho langu lilikuwa likifumba kabla ya mlio, na kifundo cha mkono kinasukuma bastola chini kama mtu anayejikinga. Mashimo yote ya mwisho yalirundikana chini upande wa kushoto, nje ya duara.

Mkufunzi wetu, sajini mwenye mvi aliyekaribia kustaafu, aliitazama karatasi, kisha akautazama mkono wangu. Usoni hakunitazama.

"Hujui kulenga?"

"Najua, Afande."

"Basi unaogopa."

Konstebo kijana aliyesimama mstari wa pili, ambaye naye alikuwa amepata tisa tu, akacheka, akiniita mama kwa Sheng. "Mathe, hiyo bastola haitoroki. Unainyonga ya nini?"

Jumatano, baada ya kazi, nilipitia soko la Mutindwa kwa fundi wa baiskeli. Nilikuwa nimeamua kwamba tatizo ni ugumu wa mpini, na kwamba ukivishwa mpira maumivu yatapungua. Nikaomba kipande cha tyubu kuukuu, urefu wa kidole.

"Ni ya kufunga nini, madam?"

"Mpini."

"Wa panga?"

"Wa kitu cha kazini."

Aliniangalia, akakata bila kuuliza tena.

Alhamisi uwanja wa shabaha ulifunguliwa kwa sisi tulioanguka. Tulikuwa wanne. Nilikuwa nimeanza kuvuta ule mpira juu ya mpini sajini aliposimama mbele yangu.

"Hiyo ni nini?"

"Mpira, Afande. Mkono unaniuma."

"Bastola ya serikali haivalishwi soksi. Toa." Nikautoa. Akaendelea kwa sauti ya chini kidogo: "Na mkono wako ni mdogo. Ukiunenepesha mpini, hicho kidole kitafikia wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, na nilihisi siku yangu ya mwisho ya mazoezi ikiniponyoka. Akaniamuru nitoe magazini, nimwonyeshe kwamba chemba ni tupu, kisha nielekeze bastola kwenye shabaha na kuishika kama nilivyoishika Jumanne. Akanizunguka polepole.

"Wewe ni mtu wa magharibi?"

"Ndiyo, Afande."

"Nyumbani nani anasonga ugali?"

"Ni mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu niwe na miaka tisa."

"Afande, huyo ameshaiva," yule kijana akasema. "Mletee unga."

Sajini hakucheka. "Angalia mikono yako. Wa kulia unanyonga mwiko. Wa kushoto umeuweka chini, unashikilia sufuria isizunguke."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli tupu. Mkono wa kulia ulikuwa umekaza mpaka vifundo vya vidole vimepauka. Wa kushoto ulikuwa wazi chini ya mpini, umeukalisha kama kata inavyoukalisha mtungi kichwani, haushiki chochote. Kazi yote ilikuwa upande mmoja. Na kwa kuwa vidole vyangu ni vifupi, nilikuwa nimeugeuza mpini kiganjani ili kifyatulio kiwe karibu, hata sehemu ya nyuma ya bastola ikawa imeegemea lile fundo lililovimba. Kila risasi ilikuwa inapigilia msumari hapo.

"Igeuze," akasema. "Bastola, kifundo, mfupa wa mkono, vyote mstari mmoja. Kidole kikifika ncha tu, ncha inatosha. Sasa panda juu. Hii ngozi ibane juu kabisa, isibaki nafasi. Ikibaki nafasi bastola inacheza, ikicheza inakuchuna."

Nikapanda juu. Iliniwasha pale palipochubuka.

"Wa kushoto utoe huko chini. Ulete ubavuni, uvifunike vile vidole vya kulia kwa mbele. Gumba na gumba upande mmoja, zote zitazame mbele. Haya. Huo wa kushoto ndio ubane. Wa kulia ushike kama unavyomsalimia mchungaji: imara, lakini asiende nyumbani akilia."

Nilipiga risasi tano. Teke lilikuja, lakini lilipita mkononi likaenda hadi kwenye viwiko, likagawanyika huko. Fundo liliuma kwa maumivu ya Jumanne tu. Matatu kati ya mashimo yale yaliingia. Nilitaka kuendelea, sajini akakataa. Alisema mkono uliochoka hurudia ujinga wake wa kwanza.

Jioni hiyo nilifanya mazoezi mikono mitupu, nimesimama kati ya kitanda na kabati, nikiikutanisha na kuiachanisha, kushoto kubane, kulia kulegee. Mama alinitazama muda mrefu.

"Unaomba?"

"Naomba, mama."

"Basi funga macho."

Hilo ndilo lililoniangusha Jumanne.

Ijumaa inspekta alikuja mwenyewe kusimamia. Yule kijana alitangulia akafaulu, akarudi akitembea kama ameoa. Nikaingia mstarini. Risasi tano za kwanza zilikwenda bila matata. Nikabadilisha magazini. Ya sita, ya saba, ya nane. Kwenye ya kumi niliuhisi mkono wa kushoto ukiteleza kuelekea chini, taratibu, kwa mazoea yake ya miaka, na wa kulia ukianza kukaza kuuokoa. Ya kumi na moja ikanipiga kwenye fundo. Jicho likafumba. Sikuhitaji kuiona karatasi kujua ilikokwenda.

"Sekunde kumi," sajini akaita.

Zilibaki risasi nne. Nikaondoa kidole kwenye kifyatulio, nikaanza upya: mstari mmoja, panda juu, kushoto ubavuni, gumba mbele. Nilijua muda unakwisha nikifanya hivyo. Kisha nikapiga. Risasi ya kumi na tano ilitoka wakati yeye anafungua kinywa kusema simama.

Karatasi ililetwa. Mashimo kumi yalikuwa ndani, manne nje, na moja lilikuwa limekaa juu ya mstari wa duara.

Inspekta aliinama. "Hii ni ya ndani au ya nje?"

Sajini akachukua kalamu yake, akaipitisha kwenye lile tundu, akaigeuza karatasi ili jua lipite.

"Imekata mstari upande wa ndani, bwana. Jumanne niliwahesabia wengine hivyo hivyo."

Inspekta aliitazama tena, akaniangalia mkono, akaiangalia saa yake.

"Andika kumi na moja."

"Mathe, umeponea," kijana akanong'ona.

Nilitia sahihi kwa shida. Kisha nikasogea pembeni nikampigia jirani simu.

"Anauliza kama leo utachelewa," akasema. "Ameuliza tangu saa nne."

"Mwambie sichelewi," nikasema. "Leo wala wiki ijayo."