"Mimi" Ambayo Haikuwa Yangu

Walinipa cheo cha mkuu wa idara ya uhandisi bila mimi kuomba.

Mimi. Mtu ambaye hesabu za kugawanya zilikuwa zinanitoa jasho mpaka la magotini.

Msicheke kwanza. Sikilizeni.

Kazi yangu ni ukalimani wa lugha ya alama. Kiziwi akiongea kwa mikono, natoa sauti. Wanaosikia wakiongea, natoa mikono. Basi.

Kuna kanuni moja ambayo wenye masikio mazima huwa haiwaingii kabisa. Kiziwi akisema "nilijenga", na mimi nasema "nilijenga". Sisemi "anasema alijenga". "Mimi" inayotoka kinywani mwangu ni yake.

Siku hiyo nilimsemea kwenye usaili mhandisi mmoja, mwanamke, kiziwi tangu utotoni. Nilimwita Dada. Miaka tisa kwenye kampuni moja ya ujenzi! Ukuu wa idara ulishampita mara mbili, ukaenda kwa vijana aliowafundisha yeye mwenyewe kusoma michoro.

"Wakininyima na leo," aliniambia kwa mikono pale koridoni, "naacha uhandisi. Naenda kuuza vitambaa na mama."

Hakuwa anatania.

Tukaingia. Jopo la watu watatu. Mkurugenzi, tumbo limeegemea meza. Afisa utumishi, anatabasamu kama kalipwa kwa meno. Wa tatu alisinzia, Mungu ambariki, maana ndiye pekee ambaye hakusema upuuzi. Pembeni karani anaandika kila neno.

Nikaeleza: "Waheshimiwa, nikisema 'mimi', anayeongea ni yeye."

"Sawa, sawa," Mkurugenzi akajibu, macho kwangu. "Sasa muulize, kuandika anajua?"

Nikalipeleka swali lilivyo. Dada hakupepesa macho.

"Nimeandika ripoti zote tatu zilizo mbele yako," nikatoa sauti. "Hiyo ya juu umeiwekea kikombe cha chai."

Mkurugenzi akaondoa kikombe haraka.

"Kijana hodari huyu," akamnong'oneza mwenzake.

Kijana? Kijana gani?

Wakauliza kuhusu ghala lililopasuka ukuta, ambalo Dada aliliokoa bila kubomoa hata tofali moja. Akaeleza, mikono inakata hewa. Nami nikatoa sauti mpaka Mkurugenzi akasogeza kiti karibu. Hata yule wa kusinzia akafungua jicho.

"Wazo hilo ulilipata wapi wewe?" Mkurugenzi akauliza. Bado ananitazama mimi!

"Nilishinda siku nne shimoni, chini ya msingi, nautazama udongo."

"Ahaa," akasema. Akaandika kitu.

Wiki moja baadaye nikaitwa. Peke yangu.

"Kijana, tunakutaka wewe. Ukuu wa idara. Siku nne shimoni si mchezo! Yule bubu wetu atakuwa anakusaidia kuchora."

Nikasubiri acheke. Hakucheka.

"Mzee, zile siku nne ni zake. Mimi shimo nimeliona kwenye picha."

"Usijishushe bwana. Tumekusikia kwa masikio yetu wenyewe."

"Masikio gani? Hayo mnayo ya kushikia miwani tu!"

Nikatoka, mlango nikaubamiza. Karani akanifuata mbiombio, akanipenyezea karatasi: kumbukumbu ya usaili wote, neno kwa neno. Naye alikuwa kachoshwa nao.

Nikaenda kwa Dada kifua mbele, nikamweleza walivyotaka kunipa mimi cheo chake. Nikamtupia karatasi mezani.

"Soma! Ujinga wao wote umo humu. Tunawamaliza!"

Akasoma. Nikakaa mkao wa kushukuriwa.

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya sentensi. Akapiga mwingine. Na mwingine. Kufika ukurasa wa tatu karatasi ilikuwa kama imechinjiwa kuku. Kisha akanigeuzia.

Sentensi moja ilisomeka: "Nguzo ya tatu iliinama kama mfiwa, nami nikaipa bega la zege, ikajifuta machozi."

"Hapa nilisema nini?" akaniuliza.

"Kwamba... nguzo ilizama."

"Ilizama kiasi gani?"

"Kidogo," nikabahatisha.

"Sentimita mbili," akasema. "Ndani ya miezi sita. Nikatanua msingi kwa mita moja na nusu. Nionyeshe sentimita zangu ziko wapi."

Nikazitafuta. Hazikuwemo. Hata moja.

"Hesabu zangu zote umezila, mahali pake umeweka msiba."

"Dada, nilitaka wakupende..."

"Nani kasema nataka kupendwa? Nataka kazi. Na wewe unawacheka wale, lakini hawakukosea. Aliyeongea mle ndani ulikuwa wewe."

Nilinywea, jamani. Matusi yote niliyowaandalia wale wazee yakanirudia mdomoni, nikayameza makavu.

Dada akaandika barua mwenyewe, mistari minne. Usaili urudiwe, mkalimani abadilishwe. Akaambatisha ukurasa wenye "kuandika anajua?" ya Mkurugenzi, akatuma na nakala kwa bodi ya kampuni. Mkurugenzi alikubali siku ileile.

Mkalimani mpya alikuwa mama mmoja mwenye sauti kavu kama anasoma orodha ya vipuri. Alikataa kiti cha pembeni ya Dada. Alikwenda kukaa upande wa jopo, nyuma kidogo ya Mkurugenzi, na wale mabwana wakakosa mtu wa kumtazama isipokuwa mhandisi mwenyewe. Karani alinisimulia. Sentimita mbili zilitajwa mara tatu.

Dada akapata ukuu wa idara.

Barua ya kwanza aliyoisaini ofisini mwake ilikuwa ya kunifuta kwenye orodha ya wakalimani wa kampuni.

Yule Mkurugenzi bado namdharau, tena sana. Lakini yeye aliziba masikio yake mwenyewe. Mimi niliiba ulimi wa mwenzangu, nikautia marashi, nikajiita mwema.

Wewe unayemsemea mtu, awe kiziwi, mgonjwa au mama yako mzazi, sema alichosema, kisha nyamaza. Ukiona ukumbi unakusifia wewe, mwenye maneno ameshaporwa.

Na mwizi ni wewe.