Anwani ya Mzee Teoh

Mzee Teoh Boon Leng hajui kunong'ona. Masikio yalianza kumziba zamani, alipokuwa bado fundi wa viti vya henzirani, na tangu hapo akipiga magoti hekaluni kwetu, watu mpaka ng'ambo ya barabara wanajua kilichomsibu. Mimi nauza vijiti vya udi na karatasi za sadaka hapo mlangoni, mwaka wa thelathini na moja sasa, kwa hiyo nimezisikia shida zake zote: jino lake, paka wake aliyepotea, mkwe wake asiyejua kupika wali. Tena haombi tu, anabishana. Nimewahi kumsikia akimwambia Bwana Tabibu, mungu mganga wa hekalu letu, kwamba dawa aliyompa ya kikohozi haikuwa na lolote.

Lakini wiki ile hakubishana. Mkewe, Dada Siew Pheng, alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Huyu ndiye aliyekuwa akisuka henzirani nyembamba ya migongo ya viti, kazi ambayo mumewe hakuiweza, na sasa alikuwa hatofautishi kijiko na uma. Hospitali ilikuwa tayari kumpasua Alhamisi. Daktari alisema ni kazi ndogo. Dada Pheng akajibu kwamba daktari ni mtoto mzuri, ila yeye hatoki nyumbani mpaka Bwana Tabibu akubali, na jambo la kisu linataka kukubaliwa mara tatu mfululizo. Akikosa Alhamisi, zamu nyingine ni mwaka ujao.

Basi Mzee Teoh alikuja Jumapili akarusha vile vibao viwili vya nusu mwezi tunavyoulizia miungu, bapa upande mmoja na mbinuko upande wa pili. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, Bwana Tabibu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka, yaani hajakuelewa au umesema upuuzi. Jumapili alicheka. Jumatatu alicheka. Jumanne asubuhi, mzee aliingia na machungwa manne na uso wa mtu aliyelala macho wazi, akapiga magoti, akaanza kwa sauti yake ile ya mnadani.

"Mimi Teoh Boon Leng, miaka sabini na sita, wa nambari ishirini na saba, Uchochoro wa Mafundi Bati, namuulizia mke wangu..."

Vibao vikaanguka. Chali, chali.

"Unacheka nini?" akasema mzee, na sauti ikamkatika. Sijawahi kumwona hivyo. Nikaacha meza yangu nikamfuata.

"Mzee, hebu ngoja. Umesema unakaa wapi?"

"Na wewe masikio yameziba? Ishirini na saba, Uchochoro wa Mafundi Bati."

"Jana nimepita hapo. Wanauza keki. Foleni imefika kwa kinyozi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwaka mzima baraka zako zinapelekwa kwa wauza keki! Ndiyo maana wamenawiri. Unamuuliza Bwana Tabibu kama mke wa ishirini na saba apasuliwe, naye akichungulia humo anamkuta binti mwenye nywele za buluu anapiga krimu. Asicheke kwa nini?"

Kwetu huombi hewani. Unataja jina, umri na nyumba, ili mungu ajue aje wapi. Mtoto mdogo analijua hilo, Mzee Teoh analijua kuliko mimi.

Akanitolea macho. "Usinifundishe kusali, Swee Kheng. Ulizaliwa nishavaa suruali ndefu."

"Sawa. Basi rusha tena, tuone kama binti wa keki atapasuliwa."

Hakurusha. Aliketi kwenye benchi kando ya nguzo, vibao mapajani, akawa anavifuta kwa kidole. Nikajua nimemgusa pabaya.

"Nimekaa nyumba ile miaka hamsini na moja," akasema. "Nikiitaja ile mpya ya ghorofani, basi ndiyo nimehama."

"Mzee wangu, ulihama. Masufuria yako niliyabeba mimi."

Na mimi nisijifanye mjanja hapa. Anwani ile nilikuwa nimeisikia mwaka mzima bila kushtuka, kwa sababu nami nilipenda kuisikia. Wauzaji wa zamani wa uchochoro ule wametawanyika wote tangu wenye nyumba walipouza, na mzee alipoitaja nambari yake niliona kama bado wapo. Nilikuwa nimemsaidia kukosea.

"Haya," nikamwambia, "itaje hiyo mpya, tumalize."

"Siijui."

"Hujui unakokaa?"

"Najua! Naingia kwenye lifti, nabonyeza kitufe kilichofutika. Nikitoka nafuata harufu ya samaki mkavu wa jirani. Mlango wa pili."

"Hiyo huwezi kumpa Bwana Tabibu."

Akatoa simu, akaipigia kelele hata njiwa wakaruka. "Pheng! Tunakaa wapi?"

Kisha sauti ya Dada Pheng ikasikika, maana simu ya kiziwi haina siri. "Umepotea?"

"Sijapotea, niko hekaluni. Tunakaa wapi?"

"Jengo la tatu, ghorofa ya kumi na mbili, mlango wa tisa." Hakusita hata kidogo.

"Umeijuaje na huoni?"

"Namtajia Bwana Tabibu kila asubuhi hapa dirishani. Namwambia, mume wangu anakaa hapa. Mwili wake umeshafika, moyo bado uko njiani. Nakuomba uulete taratibu."

Mzee Teoh aliufunika mdomo kwa kiganja. Nilijifanya napanga machungwa, ila machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na udi wa kusingizia, ulikuwa umezimika.

Akarudi kupiga magoti. Simu aliiacha sakafuni, haijakatwa. Safari hii alisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe mtoni: jengo la tatu, ghorofa ya kumi na mbili, mlango wa tisa.

Chali na kifudifudi.

"Vimeangukaje?" simu ikauliza.

"Nyamaza, mwanamke!"

Mara ya pili, chali na kifudifudi. Mara ya tatu kibao kimoja kililala chali papo hapo, kingine kikazunguka, kikajiviringisha hadi chini ya meza ya sadaka. Mzee akafumba macho. "Tazama wewe, Kheng."

Niliinama, magoti yangu yakalia kama mlango mbovu. Kifudifudi.

"Amekubali!" nikapiga kelele. "Dada Pheng, amekubali!"

"Basi mwambie aje nyumbani," ikajibu simu. "Na apite sokoni, mchicha umekwisha."

Wiki ya tano baada ya kupasuliwa walikuja wote wawili kutoa shukrani. Jicho la kulia lilikuwa limefunguliwa, la kushoto linasubiri zamu yake. Dada Pheng alisimama mbele ya meza yangu akanitazama kwa utulivu.

"Kheng! Mbona umezeeka hivi?"

"Nimezeeka nikikusubiri."

Sadaka waliyoleta ilikuwa boksi la keki. Nikamtazama mzee, akajikuna shingo. Walipiga magoti, akataja majina yao na mlango wa tisa bila kukosea, akashukuru. Nilidhani wamemaliza. Lakini alichukua vijiti vingine vitatu, akaviwasha, akainama tena.

"Na nambari ishirini na saba, Uchochoro wa Mafundi Bati," akasema, na mtaa mzima ukamsikia. "Majina yao siyajui. Wamezoea baraka zangu, Bwana Tabibu. Usiwakatie ghafla."