Ulimi wa Mama

Mama yangu hapiki tena, magoti yamegoma kusimama jikoni, lakini hakuna kinachotoka nyumbani kwetu bila kupita ulimini mwake. Nikiepua sambusa za kwanza namsikia chumbani anasukutua kinywa kwa maji ya kikombe. Hapo najua yuko tayari. Nampelekea moja juu ya kisahani, anaitafuna macho kayafumba, kisha anatoa hukumu: chumvi imepungua, bizari imezidi, mafuta hayakushika moto. Zamani, kwenye harusi za mtaani kwetu Mkunazini, wapishi walikuwa wakimletea supu ya pilau aionje kabla ya kutia mchele. Hata Ramadhani ananionjea, kwa ncha ya ulimi tu, kisha anatema.

Mimi naishi kwa vitafunio. Nilipikia maofisi na mikutano kwa miaka mingi, mpaka maofisi yakapata wapishi wao na simu yangu ikawa haina kazi. Ndipo meneja wa hoteli moja ya mjini akaniita. Ni mwanamke Mkristo, amezaliwa hapa hapa kwa wazazi wa bara. Ana matembezi ya aina mbili kwa wageni wake. Ya kwanza ni ya kuonja bia: wanazungushwa vichochoroni kwa miguu na kumalizia juu ya paa la hoteli. Ya pili ni ya kuonja mvinyo: wanapelekwa Jambiani, upande wa pili wa kisiwa, wanakaa chini ya banda la makuti kuelekea mashamba ya mwani. Kila glasi ina kitafunio chake. Matembezi yote ni Jumamosi alasiri, na mpishi lazima awepo aeleze chakula, kwa hiyo ilinibidi nichague.

"Dada, Ijumaa unipe jibu," aliniambia.

Nilimwambia ukweli, kwamba sijapata kutia kinywani hata tone. Hakucheka. Alifikiri kidogo, akanieleza kwa vitu ninavyovijua. Bia ni chungu kidogo na ina gesi, inataka chumvi na pilipili. Mvinyo mweupe una ukali wa maji ya ukwaju. Mwekundu unakausha ulimi kama zambarau lisiloiva. Nilirudi nyumbani na ladha za kuambiwa, kichwa kinaniuma.

Na niseme wazi, nilikuwa na hasira. Kaka yangu anatembeza watalii. Anawapeleka baa, anawaagizia, anawasubiri mpaka wamalize, na akirudi nyumbani anapokewa kwa chai. Hakuna jirani aliyewahi kumuuliza. Mimi nikikaanga kachori tu, mtaa mzima utaniuliza. Na hao hao wenye kuuliza wana mizani yao: bia ni ya walevi, inanuka, mvinyo ni wa wastaarabu. Utadhani haramu ina daraja la kwanza na la pili.

Hata hivyo nilipopima mwenyewe, nafsi ilielemea mvinyo, na si kwa ustaarabu wowote. Jambiani ni mbali. Paa la hoteli linaonekana kutoka dirishani kwa mama.

Alhamisi asubuhi nikapika majaribio, sinia mbili. Ya bia ilikuwa na kachori za pilipili mbichi, bajia za dengu na kaukau za muhogo, vipande vyembamba vya kukaanga. Ya mvinyo ilikuwa na ngisi wa kuchoma wa ndimu, mkate wa ufuta uliokatwa vipande vidogo na jibini juu yake, na tende zilizojazwa korosho. Sikukusudia kumpa mama. Lakini nilipoepua kachori nilisikia anasukutua, na kwa mazoea mkono ukaenda kwenye kisahani.

Alionja kachori. Akaonja ngisi. Akauma tende nusu, akaiweka chini.

"Chumvi hapa imepita kiasi, na wewe chumvi unaijua," alisema. "Huku pilipili umeinyima makusudi. Hivi havijesha, mwanangu. Vyote vinangoja cha kushushia."

"Chai, mama."

"Chai naijua. Hivi havingoji chai."

Nilikaa kitandani kando yake nikamwambia yote: hoteli, paa, Jambiani, bia na mvinyo, na kwamba sitagusa chupa, wahudumu ndio watakaomimina. Sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Nikamtaja na kaka.

"Nduguyo nshamwambia yake, faragha," alisema. "Wewe nakwambia yako. Huinywi, huimimini. Lakini unaipikia."

"Basi nisende?"

Aliniuliza kwanza nimeelekea wapi. Nikasema Jambiani. Akaniuliza kwa nini, kisha akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu huko mie sioni," alisema. "Nyumba hii inakula kwa mikono yako, siwezi kukwambia usende na mie sina cha kukupa. Lakini ukenda, nenda pale ninapopaona."

Nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa tangu nitoke hotelini. "Na radhi?"

"Radhi unayo. Sikukuzaa nije kukunyima radhi kwa ajili ya kachori." Alinirudishia kisahani na ile tende yake nusu. "Ila ulimi wangu sikupi. Vya harusi, vya hitima, vya majirani, niletee n'taonja. Hivi vya huko, tia chumvi kwa mkono wako."

Nilimbusu mkono, moyo mweupe. Radhi ndiyo niliyokuwa nikiililia, na nilikuwa nimeipata. Hilo la ulimi nililiona dogo.

Ijumaa nikamwambia meneja nimechagua bia. Alishangaa, maana alidhani nitauchagua mvinyo. Nikamwambia paa liko karibu na nyumbani.

Sasa Jumamosi nasimama juu ya paa na ushungi wangu, nawaeleza wageni kachori ni nini na pilipili imetoka wapi. Wanasifu, wanalamba vidole. Siwaamini. Mtu aliyekwisha kunywa atasifu hata kaukau iliyoungua. Kati ya meza na meza nalitazama dirisha la mama. Huwa liko wazi, na sijui kama ananitazama.

La paa nalivumilia. La jikoni ndilo linaloniuma. Nikiepua kachori za kwanza naionja moja mwenyewe, naitafuna, narudia, na sijui kama imekolea. Miaka yote hii nilikuwa sipiki peke yangu, na sikuwa nikijua. Chumbani namsikia mama anasukutua. Kisha nadhani anakumbuka ni Jumamosi, maana anatema maji na haniiti. Mimi nimesimama pale pale, kisahani mkononi, na kachori inapoa.