Fundi akaza nati, mama mkwe asikiliza

Jua halijashika moto na tayari Mama Mkwe ameketi kiti cha mbele cha gari dogo jeupe, mkanda umefungwa, mkoba mapajani. Amefumba macho. Ukimtazama kwa mbali utadhani amepitiwa na usingizi, kumbe yuko kazini.

Usukani ameushika mkwewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Linki. Kiti cha nyuma amejibana mwenye gari, mwalimu wa udereva, magoti yakikaribia kidevu. Gari linapanda tuta la kwanza na kushuka. Linapanda la pili.

"Bado," anasema Mama Mkwe, kwa sauti ya kumfikia mtu wa ng'ambo ya barabara.

"Mama, nimefunga mpya zote mbili," fundi anajitetea.

"Mpya au kuukuu, mwanangu, inagonga. Tak-tak, tak-tak. Hapa upande wangu, chini ya miguu."

Mwalimu anatazama nje. Fundi anamchungulia kwenye kioo. Shule ya udereva ya mwalimu huyu ina magari sita ya aina hii, na leo ndiyo siku ya kupimana. Hili likitulia, yote sita yatatengenezwa hapa. Likiendelea kugonga, Fundi Linki anafunga gereji mwisho wa mwezi na kwenda kulinda ghala la shemeji yake.

Linki zilizompa jina ni vijifimbo viwili vifupi, kimoja kila upande wa mbele, vinavyounganisha chuma cha stabilaiza na shokapu ili gari lisilale linapokata kona. Mpira wake ukichanika, grisi hutoka, vumbi huingia, na kila tuta linakuwa ngoma.

"Linki ikichoka huioni, unaisikia," anasema fundi. "Na hicho ndicho kilichoniponza."

Miaka ishirini ya kugonga vyuma vyenye kutu na kufanya kazi ubavuni mwa kompresa ilimmaliza masikio. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linashika maneno ukipaza sauti. Gari likigonga, yeye haambulii kitu. Alianza kubahatisha, akabadilisha shokapu nzima na kuacha linki mbovu, na wateja wakaanza kumkimbia. Kutoka magari matano kwa wiki akabaki na moja, wiki nyingine hakuna.

"Nilimwambia mke wangu nimekwisha," anakumbuka. "Nikamwomba iwe siri yetu. Jioni ile ile akaenda kumwambia mama yake."

Mama yake ni fundi cherehani mstaafu. Hajawahi kushika usukani, lakini hilo halikumtisha hata kidogo. "Cherehani ikitaka kuharibika inakuambia kabla haijakata uzi," anasema. "Nikawaambia, hebu nipakieni kwenye hilo gari."

Siku za mwanzo zilikuwa na kazi yake. Mwanamume na mama mkwe wake, peke yao, bega kwa bega, na heshima zote zile! "Niliendesha kama nimepakia mayai," fundi anacheka. "Mama akaniambia, mkwe, tukienda hivi hata debe la misumari halitapiga kelele. Kanyaga mafuta." Tangu hapo wateja waliokimbia wamekuwa wakirudi, ila mmoja mmoja.

Sasa wamerudi gerejini. Fundi analinyanyua gari kwa jeki na kuliweka juu ya stendi, magurudumu yote mawili ya mbele hewani. Ukiacha moja chini, anaeleza huku akifungua gurudumu, chuma cha stabilaiza kinajikunja na linki inakataa kutoka. Anaishika linki ya upande wa dereva na kuitikisa. Imetulia. Anaishika ya upande wa abiria. Inacheza.

Anabaki ameinama, mkono juu ya chuma. Kosa ni lake.

Bolti ya linki huzunguka pamoja na nati yake. Ni lazima uizuie kwa ufunguo mdogo wa pembe sita huku ukikaza kwa spana. Ufunguo wake umeliwa kona. Ulikuwa unateleza, bolti ikizunguka bure, na mkono ukadanganyika kwamba nati imekaza.

"Ukiteleza unalia tik, kidogo tu," anasema bila kumtazama mtu. "Zamani ningeusikia."

Anakwenda kuazima ufunguo mzima gereji ya jirani. Anaporudi, Mama Mkwe ameshatandika katoni, amekunja gauni vizuri, amejilaza ubavu kando ya shokapu. Mwalimu wa udereva ameshikishwa mkoba.

"Mama, utachafuka."

"Nguo zinafuliwa. Kaza."

Fundi anakaza. Mama Mkwe anainua kidole: ngoja. Fundi anautoa ufunguo, anaurudisha vizuri ndani ya bolti, anakaza tena. Kidole kinashuka. Nati inaingia, inaingia, mpaka spana inagoma. Wote wawili wana grisi hadi viwiko, na mama wa watu anatabasamu kama aliyemaliza shela ya bibi harusi.

Wanapanda tena, kila mtu na kiti chake. Tuta la kwanza. La pili. Lile shimo baya karibu na duka la rangi, ambalo fundi analiingia kwa makusudi.

Mama Mkwe anafumbua macho na kutamka neno moja. Mwalimu anaangua kicheko na kumpiga fundi begani. "Kesho naleta la pili," anasema kwa kupaza sauti, na fundi anapiga honi mtaa mzima ugeuke.

Mipango sasa ni mingi. Ufunguo mpya kwanza. Kisha, kazi ya shule ikitulia, kifaa cha kumsaidia kusikia, ambacho daktari alishamwandikia.

"Akikipata, mimi si nimefukuzwa kazi?" anauliza Mama Mkwe huku akijifuta mikono.

Fundi anatikisa kichwa. Anasema gari likigonga, mama humpigia kelele, na hizo zinamfikia. Likitulia, hulisema neno lake kwa sauti ya chini, kama anajisemea mwenyewe, na fundi huambulia kuliona midomoni mwake tu.

"Miaka miwili sasa anasema 'kimya'," anasema. "Sijamsikia hata mara moja. Nataka niendeshe, yeye akae pale pale, nimsikie."